Unga wa Karasha kwenye Pijo la Baba

Jumatatu, 6 Juni 1994. Tarime

Leo nimekuwa mtu wa mashine. Baiskeli yangu imebaki dukani Isebania kama malipo, mimi nimerudi nimekumbatia mashine ya kupigia magari polishi. Inazunguka, inaunguruma, raha tupu! Mwenye duka alinipa na pedi mbili za sponji, ngumu na laini. Pia chupa mbili: polishi ya kukata mikwaruzo na polishi ya kung'arisha. Akaanza kunieleza ipi inakwenda na ipi. Nikamwambia mimi ni mtoto wa dereva, ahudumie wengine.

Tarime imejaa magari ya watu wa dhahabu. Yote yamechunwa na miiba ya njia ya Nyamongo. Mwenye mashine ni nani? Mimi Simioni, peke yangu. Fundi Abdurahmani na matambara yake atafute shamba alime.

Gari la kwanza ni Pijo la marehemu baba. Dada yangu Verdiana anaolewa Jumamosi. Mkwe wake, Mzee Oduol wa Sirari, alitoa Corolla yake mpya nyeupe impeleke kanisani. Mama akakataa. Alisema baba hayupo lakini gari lake lipo, na Verdiana atapelekwa na baba yake. Shida ni kwamba Pijo limefifia, wakwe watatucheka. Nikasema niachieni mimi.

Jumanne, 7 Juni

Nimefunua turubai. Loo! Harufu ileile ya viti na petroli. Nilikaa nyuma ya usukani, kazi ikanishinda.

Jumamosi zetu zile! Mimi namwaga maji, Verdiana anasugua vifuniko vya magurudumu, baba anafuta kwa shati lake kuukuu. Shati lilelile miaka yote. Hakuna aliyeruhusiwa kuegemea. Dhahabu ilipoanza kuvuma alikuwa akirudi Nyamongo gari limejaa tope, anaosha gari kwanza, chakula baadaye. Namkumbuka sana baba. Nimelia kidogo, ila kulikuwa na vumbi.

Akatokea Abdurahmani bila kuitwa. Huyu ni fundi rangi, mtu wa Tanga, rafiki wa baba wa miaka mingi. Nikamwamkia shikamoo. Akanishauri nianze na pedi laini na polishi laini, nijaribu mahali padogo kama kiganja, nyuma, pasipoonekana. Ikishindikana ndiyo nipande ngumu. Kila pedi na polishi yake, na isiguse mchanga. Nikamshukuru. Wivu huo! Anayeanza na laini atamaliza lini?

Jumatano, 8 Juni

Nimeanza na ngumu. Ili kuokoa muda nilichanganya chupa zote mbili kwenye kopo moja. Pedi ngumu ikanasa kwenye nembo ya mbele, ikaruka vipande vipande mpaka kwa kuku. Pedi laini nilikuwa nimeiweka chini, ikajaa mchanga. Nikaiosha kwa petroli. Imekauka, imekuwa kama gaga la mguu.

Polishi imekwisha. Pedi sina. Harusi mtondo.

Mama akauliza tumefikia wapi. Nikasema pazuri.

Alhamisi, 9 Juni

Akili ni mali! Binamu yangu Heche ana karasha Nyamongo, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Unga wake ni laini, ukiupuliza unapotea. Nikawaza: kitu kinachotoka kwenye jiwe la dhahabu kitashindwa kung'arisha bati? Nikapata debe zima. Nikakanda na samli ya mama. Ngozi ya kondoo ya kigoda cha bibi nikaikata duara, nikaifunga kwenye mashine. Mwenye duka Isebania hajui hayo.

Nikaanza na boneti. Dakika ya kwanza, boneti inawaka! Nikaongeza samli. Dakika ya pili nikaona kijani. Nikadhani ni majani. Nikafuta. Kijani kikazidi. Pijo la baba ni buluu tangu nipate akili, na sasa boneti ina kidonda cha kijani, kikubwa kama ungo wa kupepetea.

Nimerudisha turubai. Nimemwambia mama polishi inapumzika.

Ijumaa, 10 Juni

Mama amefunua turubai.

Verdiana akashika mdomo. Nilitamani ardhi inimeze. Nimeliharibu gari la baba siku moja kabla hajampeleka binti yake! Nikaanza kumlaumu kondoo.

Mama akaweka kiganja juu ya kijani, akakitembeza polepole, kama baba na shati lake. Akasimulia. Mwaka 1971, masika, wametoka Nyanungu kukimbilia hospitali, yeye ameshikwa na uchungu, mto umejaa. Baba akaegesha Pijo, enzi hizo likiwa la kijani, akashika taa. Buluu alikuja kuipaka mwenyewe miaka ya baadaye, ili watu wa dhahabu walione gari kwenye vumbi. Mama alidhani kijani kile kilikwenda na mwenyewe.

Akamgeukia dada yangu. "Verdiana, hii ndiyo rangi uliyozaliwa ndani yake."

Tukalia wote watatu. Leo vumbi halikuwepo.

Abdurahmani akaitwa. Akafunga pedi yake laini kwenye mashine yangu, akatia polishi yake ya kung'arisha, akafanya kazi mpaka jua linazama. Buluu imelainika, kijani kimeachwa palepale kwa amri ya mama. Nilimshikia waya wa jenereta.

Jumamosi, 11 Juni

Verdiana ameolewa. Alishuka kwenye Pijo, akaweka maua yake juu ya kijani. Mzee Oduol akauliza hilo baka ni la nini. Mama akamweleza. Mzee akavua kofia, akalizunguka gari lote taratibu. Baba angeona!

Jumapili, 12 Juni

Nimetafakari. Watu wanasema ni bahati. Bahati gani? Huo ni ufundi! Watu wanataka zamani yao, na zamani iko chini ya rangi. Pedi na polishi za Isebania haziwezi kuifikia. Heche ataleta magunia mawili ya unga. Bado kigoda cha babu kina ngozi.

Mzee Oduol ameacha Corolla yake kwetu mpaka kesho. Ameomba vumbi la harusi lioshwe, basi. Lakini mtu aliyetuheshimu vile, nimwoshee tu? Mama yuko kanisani. Abdurahmani amesafiri kwenda Mugumu.

Najua ni mpya. Ila chini ya nyeupe ile lazima kuna kitu. Nimeshawasha jenereta.