Shikamoo Tano Bila Marahaba

Jamani, leo nimeaibika mbele ya wanawake wa Tongoni, na wala Tongoni sikwenda. Nilikuwa nimekaa zangu dukani, hapa Ngamiani, Tanga mjini.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi simu. Nabadilisha vioo, natia betri, nazifungua mpaka matumbo. Kuzungumza kwenye simu ndiyo siwezi. Nina usonji, na simu inaninyima uso wa mtu, kwa hiyo sijui zamu yangu inaanzia wapi. Nikisema, tunagongana. Nikinyamaza, naulizwa kama bado nipo. (Wateja wangu wote wanatuma meseji. Tunaishi vizuri.)

Sasa Mama Mkubwa, dada yake mama anayekaa Tongoni, aliyenilea mpaka nikamaliza shule, amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nikamtumia pole kwa meseji. Meseji ndefu, nzuri, na dua ndani. Nimemtumia mtu aliyefungwa bandeji jichoni, na jicho la pili lenyewe linaona ukungu. (Ndiyo. Cheka.)

Ikabidi asomewe na jirani. Akanuna. Akamwambia mama kwamba mgonjwa anajuliwa hali kwa sauti, habandikiwi tangazo. Wiki ya pili sasa hataki hata kusikia jina langu. Nikasema basi, Ijumaa nitakwenda mwenyewe. Leo asubuhi mama kaja dukani kunionya nisikanyage Tongoni kabla sijapiga simu na kuomba radhi. Na kusema kweli nimeumia. Watu wanaonielewa bila kunihoji hawajai kiganja kimoja, na Mama Mkubwa ndiye wa kwanza wao.

Nikafunga mlango nusu, nikatoa daftari. Simu zangu huwa naziandika kwanza. Nikaandika maneno yangu, nikaandika na ya kwake, na maelekezo nikayatia kwenye mabano. Nikafanya mazoezi mara nne. Nikapiga.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

Kwenye daftari, hapo anaitikia marahaba. Kimya.

Nikadhani ni mtandao. Nikarudia. Kimya, ila namsikia anapumua. Mtu mwingine yeyote wa Tanga angeelewa papo hapo kwamba mkubwa akikunyima marahaba ana hasira nawe, piga magoti uombe radhi. Mimi nilichojua ni kwamba mstari wa pili unakuja baada ya marahaba, na marahaba haijaja. Nikatoa shikamoo ya tatu. Ya nne. Ya tano niliitoa kwa sauti ya muuza samaki.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke mwingine.

"Mwitikie bwana, mtoto wa watu ataishiwa shikamoo."

Kikafuata kicheko cha watu wengi. Kumbe simu iko kwenye spika, na uani kwake kumejaa wanawake waliokuja kumjulia hali. (Kwa miguu yao, kama watu waliofunzwa.)

Nikababaika. Sikujua tena niko mstari gani. Nikaanza kusoma daftari kutoka juu, mbio, bila kuacha kitu:

"Jicho linaendeleaje subiri ajibu pole sana mama vuta pumzi nimekukosea naomba radhi usilie hapa."

Uani wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama nimepiga simu au nasoma taarifa ya habari. Nilitaka kukata, lakini kukata hakukuwa kwenye daftari mpaka mwisho wa ukurasa.

"Masudi," akasema Mama Mkubwa. "Unasoma?"

"Nasoma, mama."

"Na mimi umeniandikia?"

"Ndiyo."

"Haya, hapo mimi nasemaje?"

Nikatazama daftari. Wino ulishaanza kuchuruzika kwa jasho.

"Hapo unasema, nimekusamehe mwanangu."

Nikaweka kidole kwenye mstari huo usinipotee.

"Marahaba," akasema. Halafu akasema tena marahaba, na tena, moja baada ya nyingine, mpaka zikatimia tano. "Nimekusamehe, mwanangu. Halafu?"

"Halafu nakata simu."

"Basi kata. Ijumaa njoo, na hilo daftari uje nalo. Kuna watu hapa wanataka waume zao waandikiwe cha kujibu."

Nimekata. Nikakaa chini ya meza ya kazi, nikalia kidogo. (Daftari lilikataza kulia kwenye simu tu.)

Sasa hivi mama kapita kuniambia kwamba habari imeshafika mpaka mtaa wa Nguvumali. Kwa hiyo nawaomba, anayetaka kunicheka anicheke kwa meseji. Nitajibu zote. Ila msipige.