Gauni la Kijani Juu ya Maporomoko

Jumatatu, 3 Juni 2024
Bwana asifiwe! Kwaya yetu itatokea kwenye TV, kipindi cha injili cha Jumapili asubuhi. Mwalimu Walubengo ametaka sote tushone magauni ya zambarau. Daftari langu, nakwambia wewe peke yako: tukifanana hivyo, mama yangu kule Busia atanijuaje? Nikiwa msichana, kijiji chetu kilikuwa na TV moja, ya betri ya gari. Waliokuwa wakiimba humo tuliwaona kama malaika. Nikamwahidi mama ataniona humo siku moja. Sasa ana miaka themanini. Nitangoja nini tena?

Jumatano, 5 Juni
Sister Kathini wa kwaya amepewa solo, aimbe peke yake. Tena! Nimempelekea fundi Muli kitambaa cha kijani, kibichi kama sukuma wiki ninayouza sokoni hapa Silanga. Mwalimu nimemwambia zambarau iliisha dukani. Mungu anisamehe, dukani sikufika.

Jumamosi, 8 Juni
Studio, Kawangware 56. Nilidhani tutapigwa picha bustanini. Wapi! Chumba kimoja, ukutani shuka la kijani. Elvis wa kamera akasema hapo ataweka maporomoko ya maji kwa kompyuta. Akauliza kama mathe, yaani mimi, hana dress ingine. Nikajua ametumwa na Kathini. Nikasimama katikati, mbele kabisa. Kathini akacheka chinichini. Wivu tu.

Jumapili, 16 Juni
Mama kule Busia alialika majirani, akachinja kuku. Mimi nilitazama kwa jirani yangu Phanice. Zambarau, zambarau, halafu katikati ya maporomoko, kichwa changu. Kichwa na mikono miwili, vinaelea vikimsifu Mungu! Phanice akaniuliza polepole kama nitakunywa chai. Simu ikalia.

"Nabwire mwanangu," mama akasema, "kichwa nimekiona, kimenenepa, asante Yesu. Mwili wameupeleka wapi?"

Nyuma yake majirani walikuwa wameanza kuomba.

Jumanne, 18 Juni
Elvis amemweleza Mwalimu kwamba kompyuta hufuta kila kilicho na rangi ya shuka. Kwani hangesema mapema? Kathini anacheka hadi solo inamshinda. Lakini Mungu si Athumani: tutarudia Jumamosi. Kwa kunihurumia, Elvis atatundika shuka la bluu, nivae kijani changu kwa amani.

Kijani? Mimi? Baada ya aibu ile? Nimempigia mama aalike majirani tena. Muli naye nimeshampelekea kitambaa kipya. Bluu, ilingane na shuka.