Mkurugenzi wa Utambuzi Afika Kituoni

Idara ya Utambuzi wa Wapiga Kura ilitangaza kwamba, kuanzia uchaguzi huu, hakuna atakayepiga kura kabla ya kuthibitika, pasipo chembe ya shaka, kuwa yeye ni yeye.

Tangazo alilisoma Mkurugenzi mwenyewe. Alikuwa amezunguka nchi sita kulinganisha taratibu. Katika nchi moja mpiga kura hutaja jina na anwani tu, basi, anapewa karatasi. Mkurugenzi alishtuka hata akashindwa kumaliza chai. Nyingine wanadai kitambulisho chenye picha. Nyingine wanachovya kidole kwenye wino. Kamati yake ilikaa wiki tatu kuchagua utaratibu ulio bora, ikaamua kuchukua zote, na mashahidi juu yake.

Siku ya kura akaingia kituoni, darasa la shule ya msingi, akiwa na wapiga picha wawili. Kando ya mlango benchi lilikuwa limejaa watu.

"Hawa nao?"

"Hawajatambulika, mzee," akajibu karani, binti mwembamba aliyeikariri kanuni neno kwa neno.

Mwishoni mwa benchi aliketi mama fundi cherehani. Kwenye picha ya kitambulisho alikuwa na meno yote. Mdomoni yalipungua mawili.

"Kwani meno ndiyo yanapiga kura?" akauliza.

Mkurugenzi akamweleza kwa upole kwamba hiyo ni dosari ya ulinganifu wa kinywa na kumbukumbu. Itashughulikiwa uchaguzi ujao.

"Uchaguzi ujao nitakuwa sina hata moja, baba."

Mkurugenzi akatabasamia kamera, akatoa kitambulisho chake. Karani akaitazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha.

"Hapa una nywele."

Mkurugenzi akacheka. Karani hakucheka.

"Binti yangu, unajua mimi ni nani?"

"Ndicho tunachotafuta, mzee. Lete shahidi, mkazi wa mtaa huu, anayekufahamu miaka mitano."

Mkurugenzi akageukia foleni ya wapiga kura. Kwa miaka kumi alikuwa akipita mtaani humo vioo vya gari vimepandishwa. Watu wakamkagua kwa nia njema kabisa, wakatikisa vichwa.

"Sura si ngeni," akasema muuza mkaa. "Lakini kuapa, hapana."

Shingo ya Mkurugenzi ikaanza kulowa. Ndipo fundi akanyoosha mkono.

"Mimi namjua. Mwaka wa saba huu namshonea. Suruali hiyo nimeilegeza kiuno mara tatu."

"Umesikia!" Mkurugenzi akapumua. "Mwandike!"

"Shahidi sharti awe ametambulika," akasema karani. "Kanuni ya tisa."

Kamera zilikuwa bado zinalia. Mkurugenzi akainama mezani, akanong'ona: "Upuuzi huu kauandika nani?"

"Wewe, mzee," karani akamnong'oneza. "Kama ni wewe."

Fundi akajisogeza, akapapasa ubao wa benchi. Mkurugenzi akakaa.