Poda ya Masniah na Maneno Yaliyokatazwa

Jumatatu, 4 Agosti. Banjarmasin.

Barua ya ofisi ya vipodozi imefika! Poda ya mchele ya mke wangu Masniah haitapata namba ya usajili mpaka nifute neno "huponya" kwenye pakiti. Bila namba, Haji Bahran haipokei dukani kwake, na Masniah keshaloweka mchele wa mwezi mzima. Afisa wao, mama aitwaye Ibu Nurlaila, kanieleza kwa upole: kipodozi husafisha na kulainisha ngozi, basi. Kuponya ni kazi ya dawa. Nikamwambia nimeelewa. Na kweli nimeelewa: pakiti ndiyo isiseme. Watu je?

Jumatano, 6 Agosti.

Nimempata mtu! Acil Rusmini, shangazi wa mke wangu. Goti lilimtesa miaka, sasa anatembea vizuri. Nikamwuliza kama si poda. Akasema ni kwa sababu amehamia chumba cha chini, hapandi tena ngazi. Nikampa pakiti sita. Akakumbuka kuwa ni poda.

Ijumaa, 8 Agosti.

Kisomo cha kina mama, kwetu. Wote wamejipaka poda, nyuso nyeupe pe. Mimi mlangoni na birika. Baada ya dua Acil akasimama, akachuchumaa mara tatu mbele yao. Machozi yalinilenga! Nikaongeza kwamba inatibu na kikohozi. Na kukosa usingizi. Mama mmoja wa safu ya pili akauliza ushahidi uko wapi. Nikamwambia ale keki zake, goti si analiona? Akatoa kitambaa, akajifuta uso.

Ibu Nurlaila! Masniah ndiye aliyemwalika. Akasema ushuhuda nao ni tangazo, autoe shangazi, autoe daktari. Nikirudia, namba nisahau. Masniah kanipa mgongo. Anatwanga mchele tu, na anautwanga kwa hasira. Naumia.

Jumatatu, 11 Agosti.

Namba imetoka! Masniah alikwenda ofisini mwenyewe, akaahidi kunichunga. Poda iko kwa Haji Bahran, Masniah anaimba jikoni, moyo wangu mweupe. Hila basi. Nimetundika bango tu dukani, la kutii sheria, kwa herufi kubwa: NI MARUFUKU KUSEMA PODA HII INAPONYA GOTI, KIKOHOZI, KUKOSA USINGIZI NA UPUNGUFU WA NGUVU ZA KIUME. Foleni imefika barabarani!

Nimemtumia Ibu Nurlaila picha ya bango. Atafurahi kuona nimeelewa.