Pamba na Mke Mwenzangu wa Kwaluguru

Jumanne, 2 Julai 1968. Chanika, Handeni

Wiki ya tatu ya ndoa! Mume wangu Rehani karudi kutoka Korogwe na kikapu. Nikadhani machungwa. Kumbe paka! Mzungu wa shamba la mkonge anarudi kwao, kamwachia. Mweupe, manyoya ya mawimbi, hata sharubu zimejikunja. Rehani anasema alipomwona alinikumbuka mimi. Sijui ninune au nifurahi. Nimefurahi. Tumemwita Pamba. Mzungu kaagiza aogeshwe mara kwa mara, maana ngozi yake hutoa mafuta, asichanwe kwa nguvu, asipigwe na baridi. Kama mimi kabisa!

Jumatano, 3 Julai

Jirani yetu Chausiku kachungulia uani. Kauliza paka kanyeshewa au ana upele. Paka wake, Chui, ni wa kijivu mwenye mistari, manyoya yamenyooka kama rula. Wivu tu!

Jioni, msiba. Bibi Fatu, bibi yake Rehani, anakuja keshokutwa kutoka Kwaluguru. Mnyama mwenye upele hataki hata kumsikia, na neno lake halipingwi. Akisema Pamba atoke, atatoka. Zawadi ya mpenzi wangu! Nimelia kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba nimesoma hadi kidato cha nne. Sitakosa njia.

Alhamisi, 4 Julai

Njia yenyewe: mafuta ya nazi. Nimempaka Pamba na kumlaza manyoya kwa kitana. Yalilala! Akang'aa kama bwana harusi. Kisha baridi ikamshika, akakimbilia jikoni na kugaagaa kwenye majivu ya moto. Katoka kama mkaanga mihogo. Nimemwogesha. Alipokauka, mawimbi yamekaza kuliko jana. Rehani kacheka hadi kashika mlango. Jamani, anavyopendeza akicheka!

Ijumaa, 5 Julai

Njia mpya, bora zaidi. Pamba chumbani, mlango kufungwa. Chui nimemwazima kwa Chausiku awe ndiye paka wetu. Kanga yangu ya harusi imekwenda kuwa malipo.

Bibi kafika. Kaniita mke mwenzangu, kauliza kama mume wetu ninamlisha au ninamtazama tu. Nikachinja kuku. Firigisi, fungu la mgeni wa heshima, nikamwekea Bibi pembeni ya sahani. Chui akainyakua mbele ya macho yake! Bibi kasema amewahi kuwa na wake wenza wawili, lakini hakuna aliyethubutu kumpa paka firigisi yake. Kila mtu kacheka. Isipokuwa mimi.

Jumamosi, 6 Julai

Nimeamka, mlango wa chumba uko wazi! Nikatoka mbio. Bibi ameketi mkekani, anaota jua, na Pamba amelala juu ya magoti yake mabovu. Nikamwamkia shikamoo.

Bibi kasema huyu anapasha magoti kuliko jiko la mkaa. Akavuta mtandio, akanionyesha kipilipili chake cheupe, akaniuliza kama nimeona upele hapo. Kasema paka ana nywele za kwetu. Kisha kauliza, yule mwizi mwenye nywele za kunyooka ni wa nani? Chausiku alikuwa upande wa pili wa ua, kasikia kila neno. Siku tamu!

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Ngoma mji mzima. Bibi katangaza kwamba kesho anarudi Kwaluguru, na Pamba wake. Wake wenza hawanyimani, kasema. Pamba wangu!

Rehani anasema nimwambie Bibi ukweli tu, kwamba ninampenda paka huyu, naye atacheka aniachie. Masikini mume wangu. Mzuri, lakini hajui mambo ya wanawake.

Nimekwenda kwa Chausiku. Kanga ya pili imekwenda. Chui yuko hapa, nimemfunga nyuzi mgongo mzima, kama mtoto wa kike anayengoja Idi. Nikifungua alfajiri atakuwa na mawimbi kuliko Pamba mwenyewe, na ndiye atakayeingia kikapuni mwa Bibi. Rangi haifanani, ndiyo. Lakini unga wa muhogo tunao.