Taa Mpya Zilizoniliza Kagongwa

Jamani, nimetoka kuaibika hivi punde, na vumbi la uwanja wa mama mkwe bado liko kwenye suruali yangu. Naandika nikiwa nimejibanza nyuma ya banda la mbuzi. Mbuzi wenyewe wananiangalia vibaya.

Gari langu mnalijua. Kila kitu kinapiga kelele isipokuwa honi. Taa zake zilishafubaa zikawa na rangi ya chai ya maziwa. Nilizisugua kwa dawa ya meno kama mlivyonishauri humu humu kundini (asanteni, gari lilinukia vizuri, lakini usiku niliendelea kupapasa barabara).

Sasa leo. Bibi yake mke wangu alikuwa hospitalini Kolandoto, ametolewa mtoto wa jicho. Binti yake, ambaye ndiye mama mkwe wangu, anakaa Kagongwa na alijua bibi anatoka kesho. Asubuhi nikapigiwa simu kwamba anatoka leo. Nikaamua nisimwambie mtu. Nimfikishie mama mkwe mama yake mpaka mlangoni, akiwa mzima na anaona!

Mnielewe. Mimi na mama mkwe hatujawahi hata kupeana mkono. Kwa Kisukuma mkwe anaheshimiwa kwa mbali, basi yeye ananiitikia akiwa jikoni na mimi nikiwa getini. Miaka yote hiyo sijui kama ananipenda au ananivumilia. Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kujua.

Wakati bibi anaandikiwa ruhusa, nikakimbia Shinyanga mjini kwa Masanja, fundi umeme wa magari. Akanipangia balbu juu ya boneti.

"Hizi za njano, bosi. Kwa vumbi la huku ni nzuri."

Njano? Mimi?

"Basi hizi za kawaida. Zinapatana na gari la zamani."

Za kawaida! (Kiburi kina shetani wake, na wangu alikuwa amekaa kiti cha mbele.)

"Kuna hizi za LED, nyeupe inayoelekea bluu. Ukiwasha, ng'ombe wanakupisha hujapiga honi."

"Funga hizo!"

Swichi yangu ya zamani ikazikataa. Masanja akaunga waya moja kwa moja, gari likiwaka na taa zinawaka. Wakati anarudishia nyaya zake, hazadi nazo, zile taa za dharura, zikaanza kupepesa na zikagoma kuzima. Nikamwuliza itakuwaje mchana huu.

"Mchana zitamdhuru nani? Wahi safari yako, kesho nipitie nikurekebishie."

Nikamchukua bibi. Daktari alisema mwanga mkali usimpige machoni, na niendeshe polepole. Bibi akajilaza kiti cha nyuma, akajifunika khanga mpaka usoni, akaanza kukoroma. Tukaondoka, taa zinawaka, hazadi zinapepesa, mwendo wa harusi.

Kufika Tinde, mzee mmoja akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia. Nikasema, kweli hizi taa! Nikampungia mkono. Malori yakawa yananipisha yenyewe, yanaingia pembeni kabisa. Trafiki akanipitisha bila kuniuliza hata leseni, mkono kifuani. "Poleni sana," akasema. Nikamjibu, "Tumeshazoea, afande!" huku natabasamu. (Sasa naelewa kwa nini alinikodolea macho.)

Tulipopita Isaka, nikagundua kwamba bibi hakoromi tena. Nikafurahi, nikaongeza sauti ya redio.

Karibu na Kagongwa, bodaboda mmoja anayelijua gari langu akachungulia dirisha la nyuma. Akashika kichwa. Akawasha taa, akapita mbele na kuanza kuniongoza. Wakaja wengine, wote wanapiga honi. Nami nikapiga yangu, ikatoa kisauti cha kuku. Nikajisemea, leo mama mkwe atajua amemwoza binti yake kwa mwanaume!

Tukaingia uwanjani. Nikashuka na kuacha injini inaunguruma, nikanyoosha shati, nikasubiri vigelegele.

Vikaja vilio.

Mama mkwe alitoka jikoni mbio, akajitupa chini. "Mayu wane! Mayu wane! Mama yangu amekwenda!" Majirani wakaruka uzio wakiwa wameshika vichwa. Wawili tayari walikuwa wanaburuta turubai.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Gari limewasha taa mchana kweupe, hazadi zinapepesa, linakwenda polepole, na nyuma kuna mtu amefunikwa mpaka usoni. Hata mimi ningevua kofia.

Mwenye akili angesema, "Jamani, bibi ni mzima." Mimi nikageuka nikamtazama. Ametulia tuli. Khanga haichezi. Nikakumbuka hakoromi tangu Isaka. Nikaona wao ndio wanajua na mimi ndiye sijui! Bibi amenifia njiani, na mimi napiga redio!

Jamani, nililia. Nililia kuliko wafiwa. Nikajitupa mavumbini mbele ya taa zangu mwenyewe, kofia ikaruka huko. "Bibi nisamehe! Nimekuua kwa ajili ya balbu!"

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Bibi akashuka, khanga begani, kiganja juu ya macho kukinga taa. "Mwadila," akatusalimu kwa Kisukuma, salamu ya mchana. Turubai likaanguka chini. Akatembeza macho mpaka akanifikia.

"Huyu mwenye upara anayegaagaa ni nani?"

"Ni mkweo, mama," mama mkwe akajibu. "Mume wa mjukuu wako Neema."

Bibi akanitazama vizuri. "Kumbe! Miaka yote nilidhani ana nywele."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Mama mkwe akamkumbatia mama yake, akalia upya, safari hii kwa furaha. Kisha akavua kandambili na kunifuata. Yule yule wa kunisalimia kutoka jikoni! Tulizunguka gari huku bodaboda wakishangilia, mpaka akanishika, na badala ya kunichapa akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mwanangu," akasema. "Umeniletea mama. Lakini zima hayo madude."

Nimezima gari, taa nazo zikazima. Nimelia tena kidogo huku nyuma ya banda, mbuzi ni mashahidi. Bibi yuko ndani anakula ugali na kuwahesabu wajukuu wenye sura mbaya.

Kesho narudi kwa Masanja kuchukua zile za njano. Na nyie mnaocheka, chekeni taratibu. Bibi sasa anaona mbali.