Mashine Kali Kuliko Zote Mtaani

Jumatatu, 3 Machi
Mashine imefika! Nyeusi, nyembamba, inang'aa. Fundi simu aliyeniuzia ameapa kwamba mtaa mzima hakuna gemu lenye picha kali hivi. Kwa mpinzani wangu Kipara, ng'ambo ya barabara, bado wanachezea kitu kikuukuu kilichozungushiwa selotepu, na wachezaji wake wa mpira wana nyuso kama viazi. Kwisha habari yake! Mke wangu amesema chumba cha mbele ni changu hadi Jumamosi. Nisipopata wateja, anahamishia humo cherehani yake. Nimecheka. Cherehani ibaki chumbani kwetu, ingawa jana nililalia pini.

Jumanne, 4 Machi
Watu wawili. Wa kwanza kaulizia gemu la mpira. Halipo, mashine ni mpya mno. Lipo moja tu, la mtu anayetembea porini akimtafuta mbwa wake. Lakini picha sasa! Jamaa akatembea weee, akauliza anamfunga nani. Nikamwambia hafungi mtu, anatafuta mbwa. Akaaga. Wa pili alikuja kumtafuta wa kwanza.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kwa Kipara kupeleleza. Nimevaa kofia na miwani ya jua. Kanipokea mlangoni, kaniuliza shemeji yake hajambo. Ovyo kabisa pale! Wanacheza wawili, umati umesimama nyuma bure, unazomea na kushangilia. Aliyefungwa analipa na kuinuka, mshindi anabaki, mmoja wa watazamaji anakaa. Kipara kasema watu hawafuati mashine, wanafuatana. Kanishauri nitafute pedi ya pili ya kuchezea. Mwenye wivu ajinyonge.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebandika tangazo: KUTAZAMA NI PESA. Waliokuwa wakichungulia mlangoni wameondoka. Safi, nidhamu imeanza. Mchana kaja dereva wa lori. Nikaona niige lile moja la Kipara: aliyefungwa analipa. Kacheza hadi jioni. Hakufungwa, maana hakuna wa kumfunga. Kashukuru sana, kaenda zake. Mbwa kampata.

Ijumaa, 7 Machi
Hakuna mtu. Naandika ukweli: naogopa. Jioni mke wangu kaingia, kavuta kiti, kakaa karibu yangu, kauliza pedi yake iko wapi. Nikamwambia ni moja tu. Kanitazama kwa huruma. Bora angenifokea.

Jumamosi, 8 Machi
Cherehani imehama. Nimeibeba mwenyewe. Kabla ya adhuhuri chumba kimejaa watu na vitambaa vyao, vicheko hadi barabarani. Hata Kipara kaleta suruali ipunguzwe kiuno! Nimeumia, sikatai. Mimi nashona vifungo.

Jumapili, 9 Machi
Nimegundua! Kosa lilikuwa runinga. Kila mtu anaiona! Fundi simu amekubali kuichukua mashine na kunipa miwani ya gemu. Unaivaa, unaona peke yako, aliye pembeni haoni hata nukta. Gemu lake ni moja, la kuogelea, lakini maji yake, aisee! Nani atatazama bure sasa? Nafasi ipo, kati ya kitanda na kabati. Mke wangu sijamwambia bado. Yuko kwa Kipara tangu asubuhi. Nasikia anamfunga kila anayekaa, hainuki, watu wamejaa hadi nje. Maskini, atakuwa amechoka na zile kelele. Akirudi nitamvisha miwani, atulie peke yake.